Kesi ya Ukoko wa Bi Zinduna

Nchi ya Ukokoni haimo katika ramani, na sababu yake si ngumu. Mchora ramani alifika pale na bikari yake, akakaribishwa vizuri, akapewa kitu cha kuonja, akalala. Alipoamka aliichora nchi ya jirani mara mbili, akaenda zake. Kwa hiyo anayetaka kunibishia asiniletee ramani.

Mimi nilifika kwa miguu, kama ninavyofika kila mahali tangu nilipoachana na shule. Au tuseme shule iliniacha mimi, maana upepo uliezua paa siku tulipoanza hesabu za sehemu, na mpaka leo nusu naijua lakini robo inanitatiza. Nasema haya ili msomaji asingoje falsafa. Nitaeleza nilichokiona.

Langoni alinipokea askari kijana. Hakuuliza jina wala ninakotoka. Alininusa, kwapa hili mpaka lile.

"Shikamoo, mzee," akasema, pua ikiwa bado begani mwangu.

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini humo?"

"Bangi mbichi."

"Sina."

"Na ukoko je?"

"Sina pia."

Akanyanyuka akanitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyekutana na yatima. "Mtu mzima kama wewe unatembea bila ukoko! Pole sana. Nenda dirishani, watakusitiri."

Hapo lazima nieleze. Ukokoni hawavuti bangi kwa majani kama wahuni wa kwingine. Wanaikamua mpaka itoe utomvu mzito wa rangi ya asali, nao wanauita nta. Nta huwekwa kwenye toza la kiko ikapashwa moto, na moshi wake unapopita shingoni mwa kiko haupiti wote. Sehemu hung'ang'ania ukutani na kuganda, nyeusi, inanata kama ulimbo wa fenesi, ina harufu ya kiatu cha mtu aliyelowa mvua. Huo ndio ukoko, kwa kuwa kama ukoko wa wali, unabaki chomboni baada ya wakubwa kupakua.

Sasa sheria yao ni hii. Nta mbichi ni haramu kabisa. Anayekutwa nayo hutolewa nchini kabla jua halijazama, yeye na watu wote wa nyumba yake. Lakini ukoko ni halali, tena ni heshima, maana ni masalio ya kitu kilichokwisha kuangamizwa. Jivu si kuni, husema wanazuoni wao, na mwiba si samaki. Nilikaa barazani kwao nikasikiliza wakijadiliana jambo hilo.

"Na ukoko wa wali," nikauliza, "si wali?"

Wakanisogezea mto. Mmoja akasema, "Bwana mgeni, umechoka na safari."

Nikauliza basi ukoko hutoka wapi, ikiwa hakuna ruhusa ya kuvuta nta. Wakanieleza kwa uvumilivu. Nta yote inayokamatwa hupelekwa Nyumba ya Maangamizi. Huko Baraza la Waangamizi, wazee wenye kofia ndefu, huiteketeza kwa moto.

"Moto wa wapi? Wa tanuri?"

"Wa buruma."

Buruma ni kile kiko kikubwa cha maji. Buruma Kuu ya Ukokoni, niliambiwa, ina mirija kama pweza, kila Mwangamizi ana wake. Kila alasiri huingia mle na nyuso nzito, wake zao wakiwaaga kama watu wanaokwenda vitani. Niliwashuhudia wakitoka. Macho mekundu, wameshikana mabega, wanacheka mpaka kofia zinawatoka. Umati ukainamisha vichwa.

"Wanalia," mama mmoja akaninong'oneza.

"Mbona meno yote yako nje?"

"Uchungu ukizidi, mzee wangu, huwa hivyo."

Na hilo la kucheka halikuwa dogo. Kanuni ya Ukokoni inasema: kibichi huchekesha, ukoko hulaza. Kwa hiyo mtu anayecheka hadharani anashukiwa. Si kwamba hawana mizaha. Wana mizaha mikali sana, lakini huitoa na kuipokea kwa sura ya msibani. Nilimsikia mtu akisimulia jinsi mkwewe alivyokimbizwa na bata mzinga hadi ndani ya ibada. Waliomsikiliza wakatikisa vichwa taratibu, wakasema, "Hilo limenichekesha mno," kisha wakaomba maji.

Dirishani, kwenye kibanda mbele ya Nyumba ya Maangamizi, alikaa Bwana Saburi, Mwonjaji wa Taifa, mtu mnene, mpole, mwenye usingizi wa kudumu katika kope. Kazi zake zilikuwa mbili: kugawa ukoko unaotoka Nyumba ya Maangamizi, ukiwa umekwisha kufungwa kwenye majani ya mgomba, na kuonja ukoko wowote unaotiliwa shaka.

"Mkono wa kulia," akaniambia. "Lamba. Shukuru. Kalale."

Nikalamba. Ulikuwa mchungu, kisha mtamu kidogo, kisha una ladha ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikashukuru. Nikalala fofofo mchana kweupe, na nilipoamka nilikuwa na adabu mpya kwa nchi ile.

Niliamka barazani kwa Bi Zinduna, aliyekuwa akipokea wapita njia. Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na ulimi usio na mlango. Mumewe, Mzee Pazi, alianguka mnazini miaka mingi iliyopita, na tangu hapo mgongo wake ulikataa kunyooka. Alijilaza kwenye kitanda cha kamba siku nzima akitoa mizaha kwa sura ya msibani, kama sheria inavyotaka, ila yeye sura ile ilikuwa ya maumivu kweli.

Kila alipozidiwa, mkewe alishusha kutoka darini kiko kizee cha udongo. Kilikuwa cha bibi yake, tangu kabla sheria haijazaliwa. Alikwangua shingo yake kwa chelewa, kijiti cha ukuti, akatoa kitu kama punje ya mtama, akakipondea kwenye mafuta ya nazi ya vuguvugu. Mengi alimchua mgongoni. Tone alimwekea ulimini. Alifanya hivyo ameipa mgongo nyumba ya wakwe zake, akiamini dawa haifanyi kazi ikitazama kwa mawifi. Baada ya muda Mzee Pazi alinyooka, akalala kama watu.

"Kwa nini usichukue wa dirishani?" nikamuuliza. "Mimi umenilaza vizuri sana."

"Wewe ni mzima," akajibu Bi Zinduna. "Wa dirishani mzima akilamba analala. Pazi akilamba anaulizia chai."

Nilisikia, sikufikiri. Nilikuwa bado na usingizi.

Siku chache nilikaa pale nikiponya nyayo. Ndipo Bwana Saburi alipopita mbele ya nyumba, akasimama ghafla, pua juu.

"Bi Zinduna, shikamoo. Kinanukia nini humo?"

"Marahaba. Yananukia mafuta yangu, Saburi. Na wewe unanuka udaku."

"Si harufu ya ukoko ninaoujua mimi."

"Basi wewe unajua mmoja tu."

Nilidhani ni utani wa majirani. Lakini Saburi alikuwa mtu wa kazi yake, na harufu ilikuwa imekwisha kuingia puani kwa serikali. Kesho yake asubuhi tuliitwa uwanjani mbele ya Nyumba ya Maangamizi. Mimi na majirani tulimbeba Mzee Pazi pamoja na kitanda chake, kwa sababu sheria ilimhusu naye. Kiko kikawekwa juu ya meza. Baraza likakaa, na katikati yake Mwangamizi Mkuu, Bwana Dihenga, mrefu, mkavu, kofia yake ndefu kuliko zote.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Saburi angeonja. Akilala, ni ukoko, Bi Zinduna anarudi kwake na kiko chake. Akicheka, ni kibichi, kiko kinaangamizwa na watu wawili wazee wanatolewa nje ya lango, mmoja wao akiwa hawezi hata kukaa.

Saburi akalamba ncha ya chelewa. Tukangoja. Ili tusingoje bure, Bwana Dihenga akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi," akasema, "hamjui sisi tunavyoumia. Moshi ule tunaumeza ili ninyi msiumeze. Vifua vyetu ndivyo ukuta wa taifa!"

Akainua mikono kuonyesha ukuta. Kofia ikateleza, ikamfunika mpaka kidevuni. Wala hakusita. Aligeuka akitafuta mwanga, akaendelea kuuhutubia mti wa bendera kwa uchungu mkubwa, akiuita "mama zangu".

Saburi akacheka.

Kicheko kilianza kama chafya, kisha kikamshinda, akajikunja, akapiga meza, tumbo lote likitetemeka. Uwanja mzima ukarudi nyuma hatua moja. Mama mmoja akamfunika mwanawe macho.

Bwana Dihenga alipotoka kofiani hukumu ilikuwa imekwisha kujiandika kwenye nyuso za watu. "Amecheka," akasema. "Ni kibichi. Lango lifunguliwe."

Mzee Pazi akaongea kutoka kitandani. "Mtanitoa nikiwa nimelala hivi? Basi naomba kichwa kitangulie. Mkitanguliza miguu, watu wa huko watadhani mmewaletea maiti, wataanza kukuna nazi."

"Limetuchekesha," wakajibu majirani waliomshika kitanda, na mmoja wao alikuwa akilia.

Bi Zinduna hakulia. Alimsogelea Saburi karibu kabisa. "Saburi mwanangu. Mikono hii ndiyo iliyokuchua tumbo ulipokuwa mchanga huwezi kunyonya. Sema mbele ya watu. Umecheka ukoko, au umecheka kofia?"

Sijaona mtu akibanwa vile. Akisema ukoko, amewafukuza wazee wawili kwa uongo. Akisema kofia, amemcheka Mwangamizi Mkuu, na hilo nalo lina lango lake. Akatazama chelewa, akatazama kofia. Mwishowe akapata mlango wa uani.

"Waheshimiwa," akasema, "sheria inasema Mwonjaji akiwa na shaka na ulimi wake, Baraza lionje lenyewe."

Macho ya Waangamizi yakawaka kama ya paka aliyesikia kisu kikiparua samaki. Bwana Dihenga alishika kifua. "Tutaumia tena," akasema. "Leteni."

Walikuwa watu wa moshi, wale. Moshi humpata mtu papo hapo. Kinacholiwa huenda kwa miguu. Wakakwangua vipande kama halua, wakatafuna, wakangoja kidogo, wakatazamana.

"Hakina kitu," akasema mmoja.

"Ongeza."

Wakaongeza. Bi Zinduna alikuwa akitazama shingo ya kiko ikigeuka nyeupe, na kwa mara ya kwanza niliona hofu usoni mwake. Ule haukuwa ushahidi tena, ulikuwa mgongo wa mumewe unaotafunwa mbele yake.

"Basi jamani! Kiasi! Hiyo ni dawa ya mtu!"

"Nyamaza, mtuhumiwa. Bado tunachunguza."

Chelewa ilipoingia tena, alikirukia kiko akakikumbatia kifuani, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya mwanamke yule. Kilichobaki kilikuwa cha pembeni kabisa, pale kwenye kona ya shingo.

Bwana Dihenga akajifuta midomo, akasimama kutoa hukumu.

"Baraza limeonja. Baraza limepima. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba kitu hiki ni..."

Akakaa polepole. Akaweka shavu mezani. Akakoroma. Mwenzake wa kulia akamfuata, na wa kushoto, na wengine wote, kofia zikidondoka kama maembe mabovu.

Tukabaki na hukumu isiyo na mkia. Sheria ya Ukokoni inakataza kumwamsha Mwangamizi, maana huenda analala kwa niaba ya taifa. Watu wakasimama. Jua likapanda, likaanza kushuka. Ikafika saa ya dirisha, na mbele ya dirisha watu wakajipanga kama kawaida, mikono ya kulia mbele, ndimi tayari. Hakukuwa na majani ya mgomba. Waliokuwa wakiyafunga walikuwa wakikoroma mezani.

"Saburi, toa ukoko," wakapiga kelele.

"Sijaletewa."

"Kakwangue mwenyewe! Buruma si iko humo ndani?"

Saburi hakuwahi kuingia humo, lakini kelele zilikuwa nyingi na ufunguo ulikuwa ukining'inia kiunoni mwa Bwana Dihenga. Akaingia, na sisi tuliokuwa karibu tukamfuata.

Buruma Kuu ilikuwa pale kweli, na mirija yake kama pweza. Saburi akaingiza kidole shingoni mwa buruma, akakitoa. Kilikuwa kisafi. Akaingiza mkono mzima. Ilikuwa inang'aa ndani kama bilauri ya harusi. Waangamizi walikuwa wameikwangua na kuilamba mpaka tone la mwisho. Kando yake palikuwa na kapu la masizi yaliyokwanguliwa kwenye masufuria ya jikoni, na bonge la sukari guru, na mwiko, na majani ya mgomba yaliyopanguswa tayari kwa kufungia.

Saburi alikaa chini sakafuni. "Nimeonja haya masizi tangu ujana wangu," akasema. "Nimelala kazini kwa heshima ya masizi."

Mimi nikakumbuka usingizi wangu wa barazani, nikaona ni busara kutazama dari.

Habari ikatoka nje, nikangoja ghadhabu. Nimeona miji ikichomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini mwanamume mmoja wa mbele akauliza kwa sauti ya mtoto, "Sasa tutalala na nini?"

Swali likapita mstarini kutoka mdomo hadi mdomo. Bi Zinduna akawahurumia. Aliupa mgongo upande wa mawifi, akatoa chembe kwenye kiko chake, akampaka yule mwanamume ulimini. "Huu ndio wenyewe," akamwambia. "Walau mmoja wenu aujue."

Yule bwana akakunja uso, akatema. "Huu si ukoko! Hauna utamu!"

Wa pili akanusa tu. "Huu hata masizi hauna."

"Zinduna, usitulaghai," akasema mama aliyenieleza kuhusu kilio cha Waangamizi. "Sisi ukoko tunaujua."

Nao wakaingia wenyewe, wakachukua kapu, wakaponda sukari guru, wakakoroga. Saburi aliwagawia, machozi yakimtoka, "mkono wa kulia, lamba, shukuru," na neno la mwisho hakulimaliza, kwa kuwa naye alilamba. Wakalala uwanjani walipokuwa wamesimama, raia mbele ya wakubwa wao, mpaka askari wa lango. Tuliobaki macho tulikuwa mimi, niliyeona kapu, na Bi Zinduna, na Mzee Pazi ambaye mgongo haukumruhusu.

Jua lilikuwa limekaribia paa za nyumba Bwana Dihenga alipoinua kichwa. Uzi wa mate ulikuwa bado umemfunga na meza.

"Nilifika wapi?" akauliza.

"Ulisema kitu hiki ni," akajibu Bi Zinduna.

"Ni nini?"

"Hapo ndipo ulipolala."

Akatazama umati uliolala. Akatazama mlango wa Nyumba ya Maangamizi ulivyo wazi, na kapu tupu kizingitini. Alielewa. Akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Kimetulaza," akasema taratibu, "kwa hiyo si kibichi."

"Sawa."

"Lakini naona wananchi wamekitema."

"Wamekitema. Wanasema si ukoko."

"Ikiwa si kibichi wala si ukoko, basi si kitu." Sauti yake ikapata nguvu kidogo. "Na sheria yetu haina kifungu cha si kitu."

"Tamka kwa sauti, kama hukumu."

"Mama, wamelala wote."

"Tamka hivyo hivyo. Wewe umezoea kuuhutubia mti."

Akasimama, akatamka. Kitu kilichomo kikoni mwa Bi Zinduna si kitu, na mwenyewe hana kesi wala lango. Mti wa bendera ukasikia. Kisha akainama karibu na yule mama, akashusha sauti.

"Umebaki kidogo? Sijalala vile tangu nizaliwe. Na mgongo wangu huu..."

"Nenda dirishani," akasema Bi Zinduna.

Tukambeba Mzee Pazi kumrudisha nyumbani, mimi na mkewe mbele, Bwana Dihenga na mwenzake mmoja wa kofia, aliyeamka baada yake, nyuma, maana hapakuwa na wengine waliokuwa macho. Kichwa kilitangulia kama alivyotaka. Mlangoni pa nyumba yake Mzee Pazi akageuza shingo, akamtazama Mwangamizi Mkuu anavyohema chini ya kitanda, akasema kwa ile sura yake ya msibani, "Pole, mheshimiwa. Hamjui sisi tunavyobebwa."

Mimi nikacheka, kwa sauti, mdomo wazi, kama nilivyolelewa. Askari wa lango, aliyekuwa ameamka na kutufuata akiyumba, akafanya kazi yake. Jua halikuzama kabla sijawa nje ya Ukokoni. Nilipogeuka mara ya mwisho niliona moshi mwembamba jikoni kwa Bi Zinduna. Alikuwa akipasha mafuta.

Ninayoyajua kuhusu nchi ile yameishia hapo. Mfukoni niligundua jani la mgomba, zawadi ya askari, kwa sababu alikuwa amenihurumia tangu mwanzo. Nilijinyoosha kando ya njia, mifupa inauma, usingizi hauji. Nikalifungua jani. Najua kilichomo, nimeliona kapu kwa macho yangu mawili, masizi ya sufuria na sukari guru.

Nikalamba kwa mkono wa kulia. Nikashukuru. Nikalala.